Gesti ya bei chee au lodge ya maji ya moto? Yaliyonikuta ukweni Karagwe

Wakuu, habari za mapumziko.

Kuna jamaa humu kauliza, ukisafiri na familia ulale gesti ya bei chee au ujitutumue uchukue lodge ya maana? Nilianza kumjibu kwenye comment, ikarefuka, nikaona bora nifungue uzi. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana anayechekesha katika kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi friji, naishi Dodoma, kwetu Singida. Mke wangu ni Mnyambo wa Kihanga, Karagwe. Tuna watoto watatu. Kemi ana miaka minane, wa kati ana mitano, na mdogo alikuwa bado ananyonya.

Desemba iliyopita tukasema twende kwa bibi yao. Mama mkwe ni mjane, anaishi na ng'ombe wake mmoja katikati ya migomba na kahawa. Wakubwa aliwaona kidogo tu miaka miwili nyuma, kwenye msiba wa baba mkwe, katikati ya watu. Mdogo alimjua kwa picha za simu. Kulala na wajukuu wake alikuwa hajawahi, hata siku moja, na mke wangu alitaka safari hii ilipe hilo.

Sasa shughuli inaanzia hapa.

Kwao mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe. Hata kusemeshana ni kwa mbali mbali, mnapitishia maneno kwa mtoto. Nikamwambia mke wangu, basi wewe na watoto mlale kwa mama, mimi nitajua pa kulala. Akacheka.

"Nilale kwetu, mume wangu yuko mjini? Majirani watauliza mahari inarudishwa lini."

Kwa hiyo ikabidi tulale mjini wote, na mchana tuwe tunaenda Kihanga kushinda.

Nikampigia mama mkwe mapema kabisa, maana kwenye simu kusemeshana kunaruhusiwa, nikajiona mkwe wa mfano. "Mama, usihangaike na malazi, tumeshapata pa kufikia."

Simu ikakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Haya, baba. Sawa waitu." Hiyo waitu ni neno lao la heshima. Mimi nikahesabu heshima, kimya sikukihesabu.

Nikachagua gesti karibu na stendi. Nawajua wajuzi wa humu mtasema ubahili. Ni kweli. Hoja yangu ilikuwa kwamba kitanda ni cha kufumba macho tu, hela tule nyama.

Siku ya kwanza mama mkwe akaja mwenyewe kutupokea, kavaa gauni la kanisani, kabeba ndizi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Alipouona mlango wa gesti, akabaki amesimama ng'ambo ya barabara. Tukamwita aingie, hataki. Akambeba mdogo palepale kwenye vumbi, akamtazama usoni muda mrefu, machozi yakamlengalenga, akamrudisha na kuondoka.

Mimi kwa udadisi wangu sikutulia. Amekasirika? Chumba kinanuka? Nikamuuliza dada wa usafi pale gesti.

"Kaka, yule si mama wa kanisa? Humu wanaingia watu wawili wawili mchana na kutoka mmoja mmoja. Akionekana anatoka humu, Jumapili atakaa benchi gani?"

Nilijisikia aibu mpaka masikioni. Mama wa watu nimemsimamisha barabarani ili nile nyama.

Kesho yake tukahamia lodge, ile yenye bustani na maua getini. Wakuu, nikiri, ilikuwa nzuri. Karagwe asubuhi kuna baridi ya kuuma mifupa, na pale maji ya moto yanatoka ukutani. Nilikagua hita yao dakika kumi nzima, mke wangu akaniuliza kama nimekuja likizo au kazini.

Mchana tulikuwa tunakwenda Kihanga kama tulivyopanga. Mimi naketi barazani mbele, upande wa jiko mkwe haendi. Mke wangu aliniambia kuna kijumba kipya nyuma ya jiko, kimefungwa kufuli. Alipomuuliza mama yake aliambiwa ni stoo ya kahawa. Tukaishia hapo.

Siku ya nne mama mkwe akaja lodge, na safari hii akaingia.

Wakuu, yule mama alikagua kile chumba kuliko mimi. Alibonyeza godoro. Alishika neti, akaangalia imefungwaje. Alifungua bomba la moto, akaweka mkono, akafunga, akafungua tena. Mimi nimejibanza nje kwenye korido, namsikia anamhoji Kemi.

"Na baba yenu anaingilia mlango gani?"

"Huuhuu, bibi."

"Mmoja tu?"

"Ndiyo."

Mimi nikatabasamu, nikajua mama anashangaa maisha ya lodge.

Ndipo wazo likanijia, na nililiona zuri sana. Nikamwita Kemi. "Mwambie bibi leo alale hapa na nyinyi. Aoge maji ya moto. Mimi nitakwenda kulinda ng'ombe wake, nilale hata barazani."

Kemi akaingia, akarudi. "Bibi anasema mkwe halali barazani."

Bibi akamwita tena ndani. Kisha Kemi akaja tena, mkononi ana ufunguo uliofungwa kipande cha kanga. "Bibi anasema ng'ombe atakamuliwa na jirani. Na huu ufunguo siyo wa nyumba kubwa."

Nikapanda bodaboda, nikafika Kihanga jua bado lipo. Kwa kuwa mwenyewe hayupo, nikathubutu kuzunguka nyuma ya jiko. Ufunguo ukaingia kwenye kufuli la ile stoo ya kahawa.

Haikuwa na hata punje ya kahawa.

Kulikuwa na kitanda kikubwa na kidogo, magodoro bado yana nailoni ya dukani. Neti mbili zimeshafungwa. Hita ya maji ya kutumbukiza kwenye ndoo, mpya, ndani ya boksi lake. Sakafu nzima ilikuwa imetandikwa nyasi, kama wanavyofanya kwao kumpokea mgeni wa heshima. Nyasi zilikuwa zimeshakauka, zimekuwa njano. Zilikatwa kwa ajili ya siku ile tuliyofika.

Mlango wake unatazama shambani, peke yake, na njia yake ya kutokea barabarani. Paa lake mwenyewe. Mila haijavunjwa hata kidogo. Yule mama alikaa akafikiria mpaka akaipata njia, mimi nikapiga simu kumwambia asihangaike.

Kando ya ukuta palikuwa na jozi nne za kandambili zimepangwa. Moja kubwa, ya kwangu. Tatu za watoto. Nikachukua za Kemi nikazipima kwa kiganja. Ndogo. Alinunua kwa mguu aliouona msibani.

Nilikaa kwenye zile nyasi nikalia, sifichi. Kumbe kule lodge mama hakuwa anashangaa. Alikuwa anaangalia kilichokishinda kijumba chake.

Nikatumbukiza ile hita kwenye ndoo, nikaoga, nikalala kwenye kitanda nilichowekewa.

Asubuhi nikarudi lodge. Tulikuwa tumelipia siku tatu mbele, meneja akasema hela hairudi. Mke wangu akajiandaa kwa vita, maana ananijua. Nikasema sawa, tubebe mizigo.

Mama mkwe alikuwa ameketi bustanini, mdogo amelala mgongoni kwake, mbeleko imekazwa vizuri. Nikasimama mbali kama inavyotakiwa.

"Kemi, mwambie bibi maji yalikuwa ya moto."

Kemi hakuwahi hata kufungua mdomo. Mama akanijibu mwenyewe, anaangalia maua.

"Mlango haukukwama? Fundi aliniambia ubao bado mbichi."

"Haukukwama, mama."

"Haya. Twende nyumbani, nyasi nitakata nyingine."

Zile siku zilizobaki watoto walilala naye nyumba kubwa, wamebanana kitanda kimoja hadi mdogo, analetwa kwetu kunyonya na kurudishwa. Kemi alivaa zile kandambili kisigino kikiwa nje, kila siku, hakuambiwa na mtu.

Nilichojifunza, wakuu. Lodge ni nzuri, na gesti kwa msafiri wa peke yake sina ugomvi nayo. Ila kama mahali unapokwenda kuna mtu anakusubiri, usimpigie simu kumpa taarifa. Mpigie kumuuliza. Na akinyamaza kidogo kabla ya kusema sawa, usikate simu.

Nyinyi mkienda ukweni mnalala wapi? Na wanaotoka kwenye mila kama hii, kwenu wanaipitaje? Nataka sana kujua, nitasoma comment zote.

Mimi Desemba hii sijatafuta lodge. Nimetuma tu namba za viatu.