Siku Niliyosema Nasikia Kifaransa

Chekeni kabisa mmalize, ndipo nianze, maana mkasa huu nikiuficha mama yangu atawasimulia yeye, tena kwa chumvi nyingi.

Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko kulikuwa na vitabu sita vya Kiswahili vya msichana Mela na joka lake, nilivisoma mpaka majalada yakang'oka. Tuliporudi kwetu Burundi, Giteranyi, nikampenda Generose, binti wa Gitega, ikafika siku ya kumpeleka mama akajitambulishe kwa baba yake Generose. Mzee yule hakuficha shaka yake: sisi tuliotoka Tanzania tuna maneno mengi. Akinikataa, basi Generose nimemkosa.

Sasa mimi na kiherehere changu, nilikuwa nimenunua pale mpakani Kobero flashi yenye katuni ya vile vitabu. Baada ya chakula nikaichomeka kwenye televisheni ya mzee, majirani wamejaa sebuleni, nikatangaza kwamba leo watalia. Ikaanza. Kifaransa kitupu!

"We kijana," mzee akaniuliza, "Kifaransa unasikia?"

"Nasikia vizuri sana, baba."

(Jamani, si nilikuwa nasikia? Sauti ilikuwa juu! Kule nilikokulia kusikia ni kazi ya masikio. Gitega kusikia ni kuelewa.) Nilipoona uso wake umechangamka nikagundua kosa, na ningesema palepale yangeisha, lakini nikanyamaza.

"Bon, basi we utafasiria mama yako, yeye hasikii."

Nikajipa moyo, hadithi si ninayo kichwani? Kumbe waliotengeneza takataka ile hawakufungua hata jalada! Joka langu, lile lililonikosesha usingizi utoto mzima, wamelipaka rangi ya waridi, wamelibandika kope za bibi harusi, halafu linaimba. Likila linaimba, likiruka linaimba, na sauti yenyewe ya mbuzi mwenye mafua. Nami nasimulia kitabu kwa huzuni, naona majirani wanainamisha vichwa, nikadhani wanaficha machozi (mjinga mimi). Nikafika pale joka linapokufa likimwokoa Mela, mama akajifuta macho kwa kitenge, kisha akatazama kioo cha televisheni.

"Mwanangu, mbona marehemu anacheza ngoma?"

Sebule nzima ikalipuka. Kumbe wote walisoma Kifaransa shuleni, mimi na mama tu ndio tulikuwa gizani. Generose akakimbilia jikoni, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Mzee akazima televisheni, akamgeukia mama. "Mama, mtoto wako hasikii Kifaransa. Na ule alitengeneza hii sinema hakusoma kitabu. Bote bawili iko baongo." Kisha akaniambia mimi: "Enda. Utarudi siku utasikia."

Nilijifunza miezi na miezi, Generose akinisahihisha kwa simu na kunicheka. Nikarudi na sentensi tatu na jasho jingi, mzee akanikubali, nadhani kwa huruma. Katuni ya kitabu nilichokipenda sitazami tena, hata mnilipe, na kujifanya najua nisichokijua niliapa kuacha.

Kiapo chenyewe kilijaribiwa siku ya harusi. Mzee alihutubia kwa Kifaransa kirefu, watu wakapiga makofi, nami nikapiga pia, ndipo akaniangalia mbele ya wote.

"Umesikia, mukwe?"

Mama akanishika mkono.

"Hapana, baba. Sikusikia kitu."

Mzee akacheka mpaka akavua miwani, kisha akairudia hotuba yote kwa Kiswahili, polepole, kwa ajili yangu na mama.