Chui wa Munanila

Siku yangu ya kwanza kazini, Kibondo, miaka ya sabini ikianza, Bwana Nyama wa Wilaya, yaani afisa wa wanyamapori, alinikabidhi futi ya kupimia na daftari la nyara. Nyara, alinieleza, ni sehemu yoyote ya mnyama pori: pembe, jino, ngozi, hata mnyama mzima aliyekaushwa na kujazwa majani. "Kijana," aliniambia, "mnyama aliyekufa ana sheria nyingi kuliko aliye hai."

Nilijifunza sheria hizo. Kila nyara ina hati ya umiliki. Mwenyewe akifa, mrithi huileta hati ibadilishwe jina, na hawezi kuuza bila kibali cha maandishi. Nyara isiyo na hati ni ya serikali, na aliyekutwa nayo ana kesi.

Nilipohamishiwa Kasulu, alikuja mjane wa Munanila, Mama Anastazia. Marehemu mumewe, Mzee Bitama, alimwachia chui aliyekaushwa na Mzungu mmoja zamani za ukoloni. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa tayari kumnunua. Hati ilikuwepo. Mama alisema anataka tu chui huyo atoke nyumbani, maana tangu mazishi mbuzi walikuwa hawakubali kupita mbele ya mlango ule.

Chui aliletwa amefungwa kwenye mkeka. Tundu la risasi begani lililingana na hati. Lakini nilipomlaza mezani, kitu kililia tumboni mwake, chaka chaka, kama mbegu kavu. Nikaondoa mikono. Kikalia tena.

Mkuu wa kituo, mtu mzima asiye na maneno mengi, alikunja uso. Watu walikuwa wakificha pembe za ndovu ndani ya nyara halali. Aliagiza tumpime uzito, kisha nifumue mshono mbele ya mjane.

Nilifumua. Yalitoka majani makavu yenye harufu ya kafuri. Kisha kikatoka kigauni cha mtoto, kimekunjwa vizuri, na ndani yake kibuyu kidogo cha kuchezea, kilichofungwa shanga.

Mama Anastazia alikaa chini sakafuni. Akakichukua kile kigauni.

"Kila asubuhi mume wangu alimsalimu huyu chui. Alimwita Nyamwiza. Miaka yote nilidhani ni jina la chui."

Alitueleza alichokuwa akijua. Kabla hajamwoa, Bitama alikuwa na mke mwingine na binti mdogo. Binti alikwenda mtoni kuteka maji, hakurudi. Bitama alimfuata chui siku nyingi mpaka akampiga risasi, ndiye huyu aliyekaushwa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha Mama kaburi la mtoto yule, wala yeye hakuuliza.

Mfanyabiashara alipopata habari hizo, hakuonekana tena ofisini.

Nilimpima chui upya kwa ajili ya fomu, akiwa mtupu, ngozi tu na mbao za ndani. Uzito ulikuwa uleule. Mkuu akaja kusoma mizani mwenyewe. Akaniambia niandike nilichokiona.

Mama aliomba kumzika chui pamoja na vile vitu. Fomu ilikuwa na nafasi za kuuzwa, kurithiwa na kuharibika. Nikaandika kuharibika.

"Kuzikwa ni kuharibika?" mkuu akauliza.

"Kwa udongo wa Munanila, mzee, haichukui muda."

Akatia sahihi. Tulizika mchana, migombani. Mbwa wa jirani walikuja mmoja mmoja, wakasimama mbali kidogo bila kubweka. Kaburi lilipojaa, wakaondoka kwa pamoja. Baadaye nilisikia mbuzi wanapita mlangoni kama zamani, na Mama akaishi pale mpaka uzee wake.

Nilipostaafu, wenzangu walinipa pembe za pofu, yule mnyama kama swala mkubwa, zilizokaushwa, hati imekwisha kuandikwa kwa jina langu. Zilikuwa halali kabisa. Niliwashukuru, nikazirudisha. Njiani mke wangu aliniuliza kwa nini nimewaaibisha watu. Nilimjibu kwamba sikumjua aliyempiga yule mnyama, wala sikujua alikuwa na msiba gani siku ile.