Kilichokuwa Ndani ya Amplifaya ya Mzee Bartolomayo

Mwanasha, fundi redio wa Nzuguni, alikuwa na tabia iliyowachosha baadhi ya wateja wake. Hakupenda kukirudisha kitu kabla hajajua kwa nini kiliharibika. Mteja alitaka kiwake tu, aende zake. Yeye atakishikilia siku mbili zaidi, na ukimuuliza atakwambia bado anakiangalia.

Kazi alifunzwa kwao Kondoa na mjomba wake Nurdini, aliyekuwa akitengeneza zile redio kubwa za mbao zilizotumia valvu, chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kwa rangi ya chungwa. Redio zile hazikuwa na bodi ya saketi, kile kibao chenye njia za shaba badala ya nyaya. Waya ulitoka mguu huu wa valvu ukaenda mguu ule, na mjomba aliweza kuufuata kwa kidole mpaka mwisho.

Kwa hiyo siku Gaudence, mpiga gitaa wa kwaya moja ya Chamwino, alipomletea amplifaya ya gitaa iliyozimika, naye akaona nyuma yake kuna valvu nne, Mwanasha aliifungua kwa furaha akitarajia nyaya za mjomba wake. Akakuta bodi moja nyembamba, na valvu zote zimesimama juu yake. Chini ya zile mbili kubwa bodi ilikuwa imebadilika rangi, hudhurungi kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango.

"Mmeitumia muda gani?"

"Miezi saba, fundi. Tuliinunua mpya, laki nane."

Mwanasha alichoma upya risasi ya kuungia pale palipoachia, ikawaka, Gaudence akaondoka nayo. Baada ya wiki tatu ikarudi. Ilikuwa imeachia palepale, na safari hii njia ya shaba ilikuwa imebanduka kabisa kutoka kwenye bodi.

Mwanasha aliichomoa valvu moja kubwa kwa vidole na kuirudisha, polepole, huku anaitazama bodi. Ilipinda. Alirudia mara tatu. Basi valvu ile ilikuwa ikiichoma bodi kila ilipowaka, na kila ilipochomolewa iliivuta. Ilikuwa sawa na kuweka sufuria ya moto juu ya meza ya plastiki.

"Nilijua ni bodi," alisema Gaudence alipoelezwa. "Amplifaya nzuri hazina bodi. Mzee Bartolomayo pale kwetu anauza ya kwake, imefungwa nyaya kwa mkono, ndiyo maana ni milioni tatu na nusu. Kwaya imeanza kuchanga. Ila wazee wamesema tusilipe kabla fundi hajaiona."

"Kuiona nje au ndani?"

"Nje, nadhani."

"Nje hata wewe unaweza kuiona. Mimi nikija, naifungua."

Jumamosi wakaenda Chamwino. Bartolomayo Matonya alikuwa mtu wa miaka sitini na minane, aliyewahi kupiga gitaa la solo katika bendi moja ya Dodoma. Mwanasha alimwamkia shikamoo, akaitikia, akawakaribisha viti. Amplifaya ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mzee aliiwasha, akangoja valvu zipate moto, akapiga. Sauti ilikuwa nene na laini, na Gaudence alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyekwisha kulipa.

"Mzee, naomba kuifungua," alisema Mwanasha.

"Haijafunguliwa tangu niipate. Miaka ishirini na miwili nabadilisha valvu tu, kwa nyuma."

"Hizo nyaya za mkono uliziona wapi?"

"Aliyeniuzia aliniambia. Mkandarasi mmoja mgeni, alikuwa anarudi kwao."

"Na wewe hujawahi kutamani kuziona?"

Mzee aliinuka. Aliingia chumbani, na aliporudi alikuwa na bisibisi mkononi.

Waliizima wakaingoja ipoe. Mwanasha aliwaomba wasisogeze mkono, kwa sababu kapasita kubwa zinaweza kubaki na umeme wa kuua hata waya ukishachomolewa ukutani. Alizimaliza chaji kwa rezista, akapima kwa mita, akapima tena. Ndipo akaitoa chasisi, fremu ya chuma iliyobeba vyote vya ndani, na kuigeuza.

Ilikuwa bodi ya kijani, toka upande huu hadi upande ule.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Bartolomayo, ingawa alikuwa anaiona.

"Bodi, mzee."

Gaudence alitazama sakafu. Mzee alirudi kwenye kiti chake. "Miaka ishirini na miwili nimewaambia watu," alisema. "Nimewaambia watu wazima wenzangu. Hata hawa wa kwaya nimewadanganya."

Mwanasha hakusikia vizuri. Alikuwa ameinama, tochi ya simu mkononi, shavu karibu liguse chasisi. "Mzee, njoo uone," alisema. "Njoo tu."

Alimwonyesha unene wa bodi, mara mbili ya ile ya kwaya, na njia zake pana za shaba. Kisha akamwonyesha kilichomfurahisha zaidi. Soketi za valvu, matundu zinamochomekwa, hazikuwa kwenye bodi. Zilikazwa kwa skrubu kwenye chuma cha chasisi, na kutoka kila soketi zilikwenda nyaya fupi mpaka kwenye bodi. Hata tundu la kuchomekea gitaa lilishikwa na nati kwenye chuma.

"Ukichomoa valvu hapa unavuta chuma. Bodi haijui. Na joto linaishia juu."

"Kwa hiyo si ya mkono."

"Bodi imetoka mashineni. Lakini nyaya hizi," akazihesabu, "thelathini na moja, kuna mtu alikaa akazichoma moja moja. Huyo mtu alilipwa, na wewe ukamlipa kwenye bei. Ile ya kina Gaudence imepitishwa yote kwa pamoja kwenye risasi iliyoyeyushwa, soketi na kila kitu. Hakuna aliyekaa."

"Niambie ukweli. Ni milioni tatu na nusu?"

"Hiyo ni bei ya ulichoambiwa. Kwa ninachokiona, ningesema mbili."

Bartolomayo alisema leo hauzi. Kwaya nayo ilikuwa na laki sita tu. Wakaagana.

Walipokaribia Nzuguni Mwanasha alimwambia Gaudence aiache ile iliyoharibika kwake. Aliagiza soketi za kauri Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Akatoboa chasisi, akazitoa soketi za zamani kwenye bodi, akafunga mpya kwenye chuma na kuvuta nyaya kama alivyoona Chamwino. Alipoiwasha ikanguruma kama mashine ya kusaga.

Ilimchukua siku mbili kupata sababu. Nyaya zinazopasha valvu moto alikuwa amezipitisha karibu na waya wa gitaa. Alizisokota pamoja mbilimbili, akazibana kwenye kona ya chuma, na mngurumo ukashuka ukawa kitu cha kutegea sikio. Alichukua laki moja na themanini, soketi ndani yake.

Mwaka na zaidi umepita sasa, nayo haijarudi.

Bartolomayo alikuwa amekuja Nzuguni mwenyewe kabla kwaya haijaichukua. Aliipiga kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha.

"Imetulia," alisema. "Lakini haina kifua kama yangu."

"Nafikiri ni transfoma. Yake ndogo."

"Unafikiri?"

"Sijapima."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Alimwomba aende kumchorea ya kwake, kila kilichomo, na Mwanasha alikwenda akaichora kwenye karatasi kubwa ya manila. Miezi minne baadaye mzee aliiuza kwa milioni mbili kwa mpiga gitaa mmoja wa Singida. Alimwekea mnunuzi karatasi ile mezani kabla hata ya kuiwasha, akamwambia ina bodi na bodi yenyewe iko hivi. Yule bwana aliisoma mpaka chai ikapoa, akauliza kuhusu soketi, akalipa.

Mwanasha sasa anapima transfoma. Kila inayoingia dukani, nzima au mbovu, anaivusha barabara hadi kwa Restuta muuza unga, anaiweka kwenye mzani wake na kuandika uzito kwenye daftari, pamoja na bei ya kifaa ilikotoka, aone kama vinakwenda pamoja. Restuta amemwuliza anatafuta nini. Amemjibu kwamba mpaka sasa ana kumi na saba, na bado hazitoshi kusema lolote.