Skii Ndefu za Gebhard

Sikio la kufa halisikii dawa, na mume wangu Gebhard ana masikio mawili ya namna hiyo. Mtu ukiolewa na mbishi, utamwachia nani?

Duka la kukodisha skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, pale chini ya mlima ni langu. Wageni wananiamini. Namtazama mtu uzito wake na anavyosimama, nampa skii inayomfika kidevuni, nyembamba katikati, jioni anarudi anacheka. Gebhard tu ndiye ananiona sijui kitu. Yeye anapima kama wazee wa bonde letu: unanyoosha mkono juu, skii ifike kwenye kifundo cha mkono. Ndefu kama ngazi ya darini!

"Hizo zako vijiko vya watoto, Burgi," ananiambia.

"Na zako mbao za jeneza," namjibu.

Basi mwaka huu chama cha walimu wa skii kikatangaza: mwalimu asiyeweza kukata kona kwa makali ya skii, bila kuburuza, atarudisha koti jekundu la ualimu. Na Gebhard bila koti lile si mtu. Hata kanisani analivaa. Nikamchagulia skii fupi, nikazinoa kwa mikono yangu, nikambembeleza, "Achanisha miguu, baba, zilaze ubavu, zitakata zenyewe." Unajua alizipeleka wapi? Kwenye banda la ng'ombe! Nilitamani kumzaba kofi.

Siku ya mtihani mteremko ulikuwa umesawazishwa na mashine, mgumu, safi. Wazee wenzake wamejipanga kando, wanapiga kelele, "Waonyeshe hawa vijana, Gebhard!" Wapumbavu. Koti si lao.

Akashuka miguu imebanana, kiuno kinakwenda huku na huku, madaha matupu, na nyuma yake theluji imekwanguliwa kama sufuria iliyoungua. Kufika penye barafu, zile mbao zikamponyoka. Akaanguka, akaserereka kwa tumbo mpaka miguuni pa msimamizi wa mtihani. Na msimamizi mwenyewe ni Vroni, binti ambaye Gebhard alimfundisha tangu hajaota meno ya mbele.

"Pole, mwalimu," Vroni akasema. "Koti litabaki hapa."

Wazee wakaja juu. "We binti huna haya? Si huyu ndiye aliyekufundisha?"

"Ndiye. Alikuwa ananibanisha glavu magotini. Ikidondoka, napanda mlima upya kwa miguu, nalia. Nimehangaika miaka kuiachanisha hii miguu. Mnataka awafundishe hivyo na wanangu?"

Gebhard akavua koti, akabaki na sweta kwenye baridi ile. Mimi matusi yangu nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani, na niliapa atayasikia mbele za watu. Nikamsogelea. Hata hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Vroni.

"Darasa la wageni wanaoanza," akauliza, "kesho ni saa ngapi?"

"Saa tatu, mwalimu."

"Niandike mwanafunzi."

Mimi roho ikaniuma hadi nikashindwa kumtukana. Lakini hasira zilikuwa bado zimenijaa kooni, na haziwezi kumezwa hivihivi. Nikawageukia wale wazee, wote wameinamisha vichwa wanatazama viatu vyao.

"Haya," nikawaambia, "mbona sasa hamshangilii?"