Kifuniko cha Budimir

Stoo ya Budimir Stanojlović, kwenye ghorofa moja la zamani hapa mjini Niš, ina mitungi ya pilipili za kusaga upande mmoja na vifaa vya kulehemu upande wa pili. Hapo ndipo anapotengeneza vijidude vyake vyeusi, kila kimoja na ukubwa wa punje ya haragwe. Ndani ya kila kimoja kuna taa ndogo sana inayotazamana na rezista, kipande cha kuzuia umeme, ambayo ukinzani wake hubadilika kadiri inavyopata mwanga. Taa ikipepesa, rezista hulegea na kukaza, na sauti ya gitaa hutetemeka kama maji yaliyoguswa. Vya dukani vipo. Wapiga gitaa wa mjini huvifuata vyake.

Ujuzi huo aliutoa kwenye kiwanda cha vifaa vya umeme, kabla hakijafungwa. Gitaa alilijua hata kabla ya kiwanda. Ujanani alipiga gitaa la pili katika bendi ya Ratko Veljić, hadi Ratko alipoona kwamba jukwaa limejaa na mtu wa kupunguzwa ni Budimir. Wakaendelea kuwa ndugu, maana Ratko ndiye aliyemsimamia binti wa Budimir kwenye ubatizo, tangu hapo wakaitana somo, na undugu wa namna hiyo watu wa hapa hawaukati.

Majira ya baridi, siku ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu anayeilinda nyumba ya Budimir na ambaye sikukuu yake huadhimishwa humo kila mwaka, Ratko alikuja kama wageni wote wanavyokuja siku hiyo, bila kualikwa. Akala samaki, akafuta masharubu.

"Budo, bendi inarudi. Tunapiga kwenye ngome ya kale kiangazi. Nataka ile sauti yetu ya kutetemeka."

"Nitakutengenezea."

"Bei?"

"Sitaki pesa. Wimbo wa mwisho nipige na mimi."

Ratko aliinua glasi. "Nani mwingine angeupiga, somo?"

Tangu siku hiyo Jagoda, mke wa Budimir, alisikia wimbo mmoja kila jioni kupitia mlango wa stoo. "Hata pilipili zangu zimeshaujua," alisema. Alimnunulia mumewe shati jeupe.

Pedali, kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu ambamo vijidude hivyo hukaa, ilikuwa kazi safi. Ule mpira mzito wa kusinyaa kwa joto, ambao huutumia kufungia vijidude vyake, ulikuwa umemwishia, akanunua mwingine kwenye soko la vitu vya mitumba: mweusi, mwembamba. Akavijaribu chini ya balbu ya stoo, akaridhika. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Badala ya kifuniko cha chuma aliweka plastiki angavu. Alimwambia Jagoda kwamba watu hupenda kuona taa za ishara zikipepesa. Hakuongeza kwamba maisha yake yote ametengeneza vitu ambavyo hakuna aliyepata kuviona.

Siku ya onyesho alifika ngomeni mchana, gitaa begani, shati jeupe kwenye mfuko. Jua la Julai lilikuwa limesimama juu ya jukwaa. Amplifaya ya pili ilikuwa tayari imechomekwa gitaa jekundu la Ognjen, mkwe wa Ratko. Budimir alidhani kijana anamjaribia vyombo. Akamshukuru.

Ratko alikanyaga pedali, akapiga. Sauti ikatoka bapa, haikutetemeka hata kidogo.

"Imelala," alisema mpiga ngoma.

Budimir alipiga magoti. Taa za ishara zilikuwa zinapepesa. Akageuza vitufe, hakuna kitu. Kisha kivuli cha kichwa chake kikapita juu ya plastiki, na sauti ikatikisika mara moja, ikafa. Akaelewa. Akavua kofia, akaifunika pedali, na gitaa la Ratko likaanza kutetemeka vizuri kabisa.

Wote wakacheka.

"Ina haya, Budo," Ratko alisema. "Inataka giza kama bibi harusi."

"Mpira ni mwembamba, unapitisha mwanga wa jua. Nipe tepu nyeusi."

Fundi wa jukwaa akamrushia. Budimir akazungushia kifuniko chote, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa tofali jeusi. Ratko akapiga tena. Hata mpiga ngoma aliweka vijiti chini, akasikiliza.

Budimir alifungua mkoba wa gitaa lake.

"Somo," Ratko alisema, akitazama nyaya, "ule wa mwisho atapiga Ognjen. Umeona mwenyewe, leo si siku ya kubahatisha."

"Kilichokosea ni kifuniko. Vidole vyangu havina kosa."

"Najua."

"Na kifuniko kimepona."

"Ndiyo maana nasema tumshukuru Mungu. Keti hapo nyuma, utasikia vizuri."

Budimir alilitazama lile gitaa jekundu, na waya wake uliokuwa umebandikwa chini kwa utaratibu, kazi ya asubuhi, kabla yeye hajafika. Akafunga mkoba.

Alisikiliza nyuma ya jukwaa, karibu na magari. Katika wimbo wa mwisho, Ognjen alichelewa kuingia mara mbili. Watu walishangilia vilevile. Nyumbani Jagoda alipokea mfuko, akalikuta shati halijafunguliwa. Akalirudisha kabatini bila kuuliza.

Siku ya Mtakatifu Nikola ilirudi, na Ratko akarudi nayo. Hakuna anayemfungia mtu mlango siku hiyo. Alikaa katikati ya meza, akasimulia wageni jinsi ngome ilivyotetemeka, kisha akageuza shingo.

"Budo, Ognjen naye anataka moja. Umepata mpira mzito?"

"Nimepata."

"Basi weka ile plastiki. Watu wapende kazi yako."

"Nitaweka chuma."

"Kwa nini?"

Budimir alimwongezea samaki. Jagoda, mlangoni, alikuwa amesimama na mkate akisubiri jibu hilo.

"Chuma ni imara," Budimir alisema.

"Hebu keti nasi kidogo, ndugu yangu. Umesimama tangu tulipoingia."

"Leo mwenye nyumba haketi, huwahudumia wageni, Ratko. Unajua."

Ratko alijua. Akainua glasi yake tupu bila kugeuka, na Budimir, aliyekuwa nyuma ya kiti chake, akaijaza.