Maziwa ya Jumamosi

Harufu ya maziwa yaliyogandia kwenye karatasi haitoki upesi. Wenzangu wananiambia daftari la mahudhurio la kiwanda cha kahawa cha kwetu, huku Kituntu, linanuka mpaka leo. Aliyelimwagia ni mimi.

Ilikuwa Jumanne, msimu umepamba moto. Nilimfuata msimamizi wetu, Projestus, nikamwambia feni ya kunyonya vumbi imekufa tangu msimu uliopita, sisi wanawake tunaochambua kahawa pembeni ya mashine hatuna hata barakoa moja, na mwanangu Anitha, mwenye miaka minne, anabanwa kifua kila nikirudi nyumbani na makapi kwenye nguo. Hakuinua kichwa. Alivuta droo, akatoa paketi ya maziwa, akaisukuma mezani kama anayemtupia mbuzi maganda ya ndizi.

"Kunywa hayo, dada. Yanashusha vumbi."

Niliing'ata ile paketi pembeni nikaimimina juu ya daftari lake, mstari kwa mstari, mpaka jina langu likavimba. Nikamwambia yanayobaki anywe yeye. Akaniambia nisirudi tena. Watu wanasema nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa hata kidogo. Maziwa hayo nayajua tangu nina miaka saba, na nitawaeleza nilivyoyajua, maana ninyi angalau mtanisikiliza mpaka mwisho.

Mama yangu, Adventina, alifanya kazi kiwanda hichohicho. Tangu enzi zake wamebadilisha rangi ya geti tu. Wakulima walileta kahawa iliyokaushwa na maganda yake, mashine ikaikoboa, punje zikatoka huku na makapi kule, na katikati palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi palikuwa na mama. Alifagia chini ya mashine na kujaza makapi kwenye magunia. Jioni nilimsikia kabla sijamwona. Alisimama kwenye migomba ya kwanza ya kibanja chetu, akakung'uta mtandio wake kwenye mgomba, pa, pa, pa, kisha akakohoa, kisha ndipo akapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Alinukia kahawa kavu na gunia, utamu fulani hivi kama majani yanayoungua mbali. Niliipenda harufu ile. Nilizika uso kwenye kitenge chake nikaivuta yote. Akipenga, makamasi yalitoka na rangi ya ugoro, nasi watoto tukamwita Mama Ugoro, naye akacheka mpaka kikohozi kikamnyang'anya kicheko.

Tajiri mwenye kiwanda alikuwa na ng'ombe. Kila Jumamosi vibarua walipanga foleni na vyombo vyao, kila mmoja akapimiwa nusu lita. Ndiyo ilikuwa dawa ya vumbi, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kwetu maziwa hayabishiwi. Mama hakuyanywa kule. Aliyatia kwenye chupa ya plastiki, akaiziba kwa jani la mgomba, akaniletea. Alisema ameshakunywa ya kwake. Nilimwamini haraka sana, kama mtoto yeyote mwenye kikombe mkononi.

Siku moja shangazi Koku alifika akanikuta na povu jeupe juu ya mdomo, na mama anakohoa uani. Akanitazama, akamsikiliza mama, akanitazama tena.

"Kumbe ni wewe unayemmaliza mama yako," alisema. "Dawa yake si hiyo imekukaa mdomoni?"

Huenda alikuwa anatania. Shangazi yangu alitania hata matangani. Lakini mimi nilikuwa na miaka saba. Jumamosi iliyofuata nikasema maziwa yananiuma tumbo, mimi niliyekuwa nalamba sufuria mpaka inakosa cha kuoshwa. Nikasimama mbele ya mama na kikombe, sikuondoka mpaka alipokunywa tone la mwisho. Nilifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, kama nesi. Kikohozi hakikuondoka. Basi nikajihukumu mwenyewe: nimechelewa, nilishamnywea dawa nyingi mno.

Watu nao walikuwa na hukumu yao. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, mwenyeji akampa mkononi atafune. Wakasema Adventina ana kifua kikuu. Wakaanza kupokea punje zake na kuzitia mfukoni. Baadaye wakawa hawakai, wanasalimia wakiwa wamesimama. Mama aliona. Aliendelea kutoa kikapu chake kidogo kila mgeni alipokuja, akikishika kwa mikono miwili.

Nilimsindikiza hospitali, kazi yangu kubeba mfuko. Walipima makohozi, wakarudia kupima, hakuna kifua kikuu. Daktari alikuwa mtu mtaratibu, wala hakumharakisha. Akamuuliza anafanya kazi gani.

"Mkulima," mama alisema.

Hakudanganya. Kwetu mwenye kibanja ni mkulima, hata kama mchana wote yuko chini ya mashine. Kiwandani ni kibarua, na kibarua watu hawakiiti kazi, wanakiita chumvi na sabuni. Daktari akaandika mkulima. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, naona kapi la kahawa limenasa kwenye nywele za mama, juu ya sikio. Nilijua lilikotoka. Ila mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Nikalitoa polepole kwa vidole viwili nikaliangusha chini, ili mama yangu aonekane nadhifu mbele ya daktari.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu. Miezi ya mwisho alilala ameketi, kaegemea gunia, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa. Halafu mnajua nilikwenda wapi? Palepale. Nani angenilisha, cheti? Chumvi na sabuni.

Jumatatu, siku moja kabla ya lile daftari, nilimpeleka Anitha kliniki Nyakahanga. Usiku mzima alikuwa anapumua kama filimbi iliyopasuka. Nesi akaniuliza kazi ya mama mtoto. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: mkulima. Akaacha kuandika. Akanyoosha mkono mpaka kichwani kwangu, akatoa kitu kwenye nywele, akakiweka mezani kati yetu. Kapi la kahawa.

"Na hili umelilima wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka maziwa. Hakunicheka.

"Maziwa yanakwenda tumboni, dada," alisema. "Vumbi linakwenda kwenye mapafu. Havikutani popote."

Akanieleza kwamba vumbi lile, mwaka baada ya mwaka, hukwaruza njia za hewa mpaka zinakuwa nyembamba, na kwamba Anitha lilimfuata nyumbani kwenye kitenge changu, pale anapozika uso wake nikirudi. Kuhusu mama hakutaka kusema, kwa kuwa si yeye aliyempima. Aliuliza tu kama hakuna aliyewahi kumuuliza kazi yake. Nikamwambia waliuliza.

Njia nzima nikiwa kwenye bodaboda, mtoto kati yangu na dereva, nilikuwa naufungua mzigo niliobeba tangu utoto. Sikumnywea mama dawa. Dawa haikuwapo. Tulikuwa tunapewa maziwa kama anavyopewa mtoto anayelia, ili anyamaze, na mama akaona afadhali yamnyamazishe mwanawe. Lakini lile kapi nililoliangusha chini ya kiti, hilo ni langu. Hilo sijapata pa kulitua.

Jumatano nikaenda ofisi ya kata. Karani kijana, mstaarabu, kaniamkia vizuri, akavuta karatasi, na pale penye kazi ya mlalamikaji akaandika mkulima kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia futa. Akasema si tatizo, dada, huku wote tunaandika hivyo. Nikakaa pale mpaka akafuta. Yaliyobaki niliandika kwa mkono wangu, hivi:

*Kwa Afisa Kazi wa Wilaya, kupitia Mtendaji wa Kata.*

*Yah: Malalamiko dhidi ya kiwanda cha kukoboa kahawa.*

*Mimi Jenista, kibarua wa kuchambua kahawa, nalalamika kwamba feni ya kunyonya vumbi haifanyi kazi tangu msimu uliopita. Hatupewi barakoa. Hakuna pa kunawa wala kubadilisha nguo, tunapeleka vumbi kwa watoto wetu. Tukilalamika tunapewa maziwa. Nililalamika nikafukuzwa. Daftari nililimwagia mimi, sikatai.*

*Naomba kiwanda kikaguliwe mashine ikiwa inazunguka, si Jumapili. Naomba vibarua wote wapimwe mapafu, na wakiulizwa kazi yao waseme kiwandani.*

*Marehemu mama yangu, Adventina, alifagia chini ya mashine hiyo mpaka kifua kikamshinda. Kwenye cheti chake cha hospitali imeandikwa mkulima. Naomba irekebishwe. Shahidi ni mimi, nilikuwepo.*