Mzee Tulia na Mbayuwayu

Ilikuwa mwaka ule barabara ya nyuma ya soko ilipotiwa lami. Hapana, nakosea. Mwaka wa lami mbayuwayu hawakujenga popote, maana ndege wale hujenga kwa tope, na tope lote lilikuwa limefunikwa. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, bomba la maji lilipopasuka mbele ya duka la kinyozi pakawa na dimbwi lisilokauka hata jua liwake vipi. Kinyozi alililaani dimbwi lile asubuhi na jioni, kwa kuwa wateja waliingia na viatu kama watu waliotoka kulima. Mbayuwayu hawakulalamika. Walishuka, wakachota tope kwa midomo, wakavuka ukuta na kujenga kiota chini ya upenu wa nyumba ya Mzee Tulia, juu kabisa ya dirisha la chumba alimokuwa amelala mkewe, mgonjwa.

Jina la Tulia hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa. Alikuwa mpiga picha wa studio. Studio yenyewe chumba kimoja, pazia la buluu, kiti kisicho na mgongo, na taa mbili zenye joto la kukausha nguo. Nusu ya watu wazima wa mji ule walikaa kwenye kiti kile kupigwa picha za vitambulisho, na kila mmoja aliambiwa maneno yale yale: "Inua kidevu. Usicheke. Tulia... tulia..." Kisha kimya kidogo, ndipo kamera ikalia. Kimya kile ndicho kilichokuwa ufundi wake. Alijua kumtazama mtu mpaka pumzi yake ishuke, mabega yashuke, macho yaache kutangatanga, na hapo tu ndipo alipobonyeza. Mtu mmoja, picha moja. Kurudia aliona aibu, kama fundi cherehani aliyekosea kukata kitambaa cha mteja.

Mkewe alikuwa mwenzake wa kazi. Ndiye aliyezikata picha, kwa mkasi mkubwa mweusi, bila rula, na pembe zikatoka sawasawa, ndipo watu wakamwita Mama Mkasi. Ndiye pia aliyelitunza lile koti. Pale studio palikuwa na koti moja jeusi msumarini, na mwanamume yeyote aliyekuja na shati tupu alivalishwa. Akiwa mwembamba, Mama Mkasi alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Hata leo ukifungua droo za mji ule utakuta baba, mtoto na shemeji wote wamevaa koti lile lile.

"Mume wangu," alikuwa akisema, "hili koti limefanya kazi kuliko wanaume wengi wa mtaa huu."

Wote wawili walicheka, na mteja aliyekuwa kitini akaambiwa asicheke.

Baadaye simu zikaja na kamera ndani yake, ofisi nazo zikaanza kuwapiga watu picha zenyewe, na kiti kikabaki bila mtu wa kukikalia. Studio ikafungwa. Koti likaletwa nyumbani, likatundikwa nyuma ya mlango. Haukupita muda mrefu, Mama Mkasi akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, na sauti ikawa nyembamba, haivuki mlango. Daktari alimvuta Mzee Tulia pembeni, kwenye kona ya wodi penye ndoo za kupigia deki, akamwambia, "Mzee wangu, mrudishe nyumbani. Kaa naye." Mzee Tulia akautazama uso wa daktari. Alikuwa amewatazama watu usoni maisha yake yote, alielewa.

Kitanda kikasogezwa dirishani. Siku moja Mama Mkasi akamvuta mumewe mkono.

"Nawasikia," alisema. Maneno yalimtoka moja moja. "Watoto wanapiga kelele. Halafu kivuli. Halafu basi."

"Ni mbayuwayu. Anawaletea makinda yake chakula."

"Simwoni. Anapita kama mwizi."

"Ndivyo walivyo, mama. Hawana subira."

Akakusanya pumzi. "Wewe umewatuliza watu wote. Mtulize na huyu. Nimwone kabla sijaenda."

Mzee Tulia akajifanya kutengeneza shuka. Kamera ilikuwa sandukuni.

Binti yao, aliyekuwa akiuza dawa kwenye duka la kona na kupita kwao kila asubuhi, ndiye aliyeitia betri chaji na kuipangusa. "Baba, utaweza kweli?" akauliza. "Ndege hakai kitini." Mzee akajibu kwamba amewahi kuwapiga picha mapacha wenye surua, huyu ndege ni nani?

Basi akaanza, na akaanza kama mtu wa studio. Akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu kule mwisho wa ua, karibu na bomba, akailenga upenuni, akasubiri. Wakawekeana ishara. Mama Mkasi, kwa kuwa aliyasikia makinda yakianza kelele kabla mzazi hajaonekana, angeinua mkono wake wa kushoto dirishani: ndege anakuja. Na kama ana shida yoyote, angegonga glasi kwa kijiko, maana glasi ilikaa juu ya stuli pale pale kitandani. Mkono ni ndege, glasi ni mume. Walicheka walipokubaliana hivyo.

Mkono ukainuka. Ndege akaja. Mzee Tulia akanong'ona, "Tulia... tulia..." akasubiri kile kimya chake, akabonyeza. Akapata ukuta.

Akajaribu tena akapata mkia. Akajaribu tena akapata anga tupu, safi, halina hata wingu. Vidole vyake vilikuwa vimefundwa kungoja kiumbe kitulie, na kiumbe hiki kikitulia kimekwisha ingia kiotani. Siku nzima akawa anapiga picha za mahali ndege alipokuwa.

Jioni alimwonyesha mkewe kwenye kioo kidogo cha kamera.

"Hii nini?"

"Mkia."

"Na hii?"

"Hapo... alikuwa ameshapita."

Mama Mkasi akaitazama anga ile kwa makini. "Pazuri alipopita," akasema, na nusu ya mdomo wake ikacheka.

Kinyozi naye alikuwa na mlango wa nyuma uliopakana na ua ule, na kila alipokosa mteja alipanda juu ya kreti akachungulia ukutani.

"Mzee wangu, leo umevua nini?"

"Ukuta."

"Ukuta si haba. Ukuta hausemi picha imeuharibu sura."

"Nenda kanyoe watu, bwana wewe."

"Nisikilize," kinyozi akasema, sasa bila mzaha. "Mtoto mdogo akiletwa kunyolewa, hutikisa kichwa mpaka unataka kulia. Mimi simsubiri atulie, nitafunga duka. Mkono wangu unakwenda naye. Akienda kushoto tunakwenda wote. Wewe unamngoja ndege, mwenzako hana habari na wewe."

Neno lile likamwingia. Kesho yake aliing'oa kamera kwenye miguu yake mitatu, akaishika mkononi, na akawa anageuka na ndege mwili mzima, kutoka kiunoni, kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Alijikwaa kwenye ndoo. Alipoteza kandambili moja. Lakini ndege akaanza kuonekana pichani, ila alionekana kama alama ya mkaa uliofutwa kwa kidole, mweusi wa kuburuzika, hana mabawa wala kichwa.

Usiku ule hakulala vizuri, akiwaza, mpaka akakumbuka kwamba kamera ilikuwa bado imepangwa kwa ajili ya studio. Kwa mtu aliyetulia hakuna haraka. Jicho la kamera hufunguka polepole na kufumba polepole. Chochote kinachotikisika wakati limefumbuka huacha mburuzo. Asubuhi akafungua bomba kidogo, akaanza kuyapiga matone picha, akiongeza kasi, akiongeza tena, mpaka matone yakasimama hewani moja moja kama shanga. Hapo akajua kwamba hakuna kitu uani pale kitakachomponyoka kwa kutikisika.

Tatizo likawa siku zenyewe. Makinda yalikwisha ota manyoya na kujaa mpaka ukingoni mwa kiota. Wakati wowote yangeruka, na mzazi asingekuwa na sababu ya kurudi. Na kitandani Mama Mkasi alikuwa akiisha. Alikunywa chai kidogo zaidi, akalala zaidi, na mkono wake wa kushoto uliinuka ukichelewa, wakati mwingine baada ya ndege kwisha kuondoka.

"Pumzika, mke wangu. Ndege nitamwona mwenyewe."

"Mimi ndiye... ninayesikia," akasema. "Nenda. Mwanga mzuri."

Hata katika hali ile aliujua mwanga mzuri.

Asubuhi moja binti yao akaja mapema, akamnywesha mama chai, akamfuta mdomo, akaikosha glasi, akambusu paji la uso na kwenda kazini. Mzee Tulia akatoka na kamera. Alikuwa amekwisha jifunza njia ya ndege: hutokea juu ya waya wa umeme wa kinyozi, hushuka, halafu akikaribia upenu hugeuka ghafla na kufungua kila alichonacho. Kwa hiyo alikuwa ameacha kuutazama mkono. Macho yake yalikuwa juu ya waya.

Ndege akatokea. Mzee Tulia akaenda naye. Safari hii midomo yake haikusema tulia. Alishuka naye, akageuka naye, na pale mkia ulipofunguka kidole chake kilikuwa kimekwisha bonyeza.

Alijua kabla hajatazama. Akatazama: ndege mzima, mabawa yamenyooka, tumbo jeupe, mkia umegawanyika kama mkasi uliofunguliwa.

"Nimempata!" akapaza sauti. "Nimempata!"

Kinyozi akaruka juu ya kreti na taulo begani. "Lete tuone! Ebo! Mzee, huyu hata pasipoti atapewa!" Wakasimama pale ukutani, vichwa pamoja, wakiikuza picha waone manyoya, wakishangilia kama watoto. Si kwa muda mrefu. Muda wa watu wawili kufurahi.

Ndipo akakimbilia ndani.

Mama Mkasi alikuwa amekata kauli, pumzi tu ndiyo iliyobaki. Macho yalikuwa wazi, yanaelekea dirishani, na mkono wa kushoto umeangukia nje ya shuka. Mzee Tulia akapiga magoti, akamwekea kamera mbele ya uso.

"Mama Mkasi. Huyu hapa. Ametulia. Mtazame."

Macho yakasogea kidogo, yakatafuta, labda kioo, labda uso wake. Kisha pumzi ikashuka. Mabega yakashuka. Macho yakaacha kutangatanga. Mzee Tulia alikuwa ameungoja wakati ule kwa watu wengi, na hakuna aliyehitaji kumwambia ni wakati gani.

Walipomzika na watu kurudi makwao, makinda nayo yalikuwa yameruka. Binti akasema, "Baba, ile picha ya ndege isafishwe kubwa, niiweke ukutani kwangu. Ndiyo kitu cha mwisho mlichofanya pamoja." Mzee akaenda kuisafisha, na alipoitandaza mezani nyumbani, kubwa, karatasi bado na harufu mpya, ndipo alipoona kile ambacho kioo kidogo kilimficha. Chini kulia palikuwa na kipande cha dirisha, na nyuma ya nondo mkono wa kushoto wa Mama Mkasi, umeinuliwa, vidole vitano.

Akakaa. Baada ya kitambo akainuka akaenda jikoni. Glasi ilikuwa pale pale kando ya sinki, imepinduliwa ichuje maji, tangu asubuhi ile. Haikuwa imerudishwa kwenye stuli, na bila glasi Mama Mkasi alibaki na mkono tu.

Akautafuta mkasi mweusi kabla binti hajaiona picha. Akaukata mwenyewe upande wa dirisha, bila rula, na ukingo ukatoka umepinda.

"Baba, mbona imebana huku?" binti akauliza alipoitundika. "Bawa linakaribia kugusa ukingo."

"Mkasi ulinishinda."

"Mama angeikata vizuri."

"Ndiyo," Mzee Tulia akasema. "Angeikata vizuri."

Kile kipande kilichokatwa hakukitupa. Alikitia kwenye mfuko wa ndani wa lile koti la studio, nyuma ya mlango, na kila alipokuwa peke yake alikitoa akakipeleka dirishani, kwenye mwanga. Mkono uliosema ndege anakuja ungekuwa umesimama tu. Mkono wa kumwita mtu ungekuwa ukipunga. Kamera ingalipangwa kama zamani studio, kwa polepole, ingemwambia. Mkono unaopunga ungeacha mburuzo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameongeza kasi mpaka matone ya maji yakasimama hewani, na mkono nao ulikuwa umesimama, wazi, kila kidole mahali pake.

Mpaka Mzee Tulia alipozeeka kabisa, kinyozi alimsikia kupitia ukutani akiuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza swali la nyumbani tu:

"Mama Mkasi, ulikuwa unaniambia anakuja, au ulikuwa unaniita?"